Nukta ya Dizeli

Nyumbani kwetu tunaishi kwa kupenyeza vitu kwenye tundu dogo. Mimi ni muuguzi wa zahanati hapa Mafinga, mwaka wa ishirini na sita huu, na kazi yangu kubwa ni sindano: chanjo za watoto, sindano za wajawazito, na za watu waliokanyaga misumari kwenye viwanda vya mbao. Mume wangu Asukile ni fundi pampu. Anatengeneza pampu na nozeli za magari ya dizeli, vile vidude vinavyorusha mafuta ndani ya injini kwa nguvu hadi yanakuwa ukungu. Watani wetu wa mtaani husema yeye anayachoma sindano malori na mimi nawachoma wenye malori. Tumeshazoea.

Nimeamua kueleza habari zake mimi, kwa sababu akieleza mwenyewe anaongopa. Haongopi kwa ubaya. Anaongopa ili mtu fulani asionekane mbaya, na mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Asukile ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, mwenye sauti ambayo hata akigombana na mtu utadhani anamwomba chumvi. Kazi alijifunzia Mbalizi, kwenye gereji moja kando ya barabara ya Tunduma, chini ya mzee aliyeitwa Sifaeli. Mzee Sifaeli alikuwa na mashine ya kupimia nozeli, ile ya kukandamiza mpini kwa mkono huku unaangalia saa ya presha. Lakini hakuiamini peke yake. Aliwafundisha vijana wake kwamba saa ikishaonyesha presha sawa, fundi lazima apitishe kiganja mbele ya ule ukungu, kwa mbali, ausikie. Nozeli nzima inapuliza sawasawa pande zote. Mbovu inatema upande mmoja, na mkono unajua kabla ya jicho. Fundi asiyepitisha mkono, mzee alimwita karani.

Desturi hiyo ikasambaa kama mafua. Kila aliyetoka kwa mzee Sifaeli akafungua gereji yake, wengine Makambako, wengine Njombe, Asukile huku Mafinga, na wote wakawa wanapitisha mkono. Mpaka madereva wakaizoea. Dereva wa lori la magogo hapa Mafinga hakubali kufungiwa nozeli kabla hajaona fundi ameipitishia mkono, na usipofanya hivyo ataondoka anakusema mpaka Sao Hill. Mimi nilikuwa naona ni madoido tu ya wanaume. Nilimwambia hivyo Asukile mara nyingi, akacheka, akaendelea.

Tulikutana Kilolo, kwa baba yangu, mzee Vitus. Mashine ya kusaga ya baba ilikuwa imegoma na Asukile akaitwa kuitengeneza. Siku hiyohiyo bwana mifugo alikuja kumchoma sindano ng'ombe wetu mmoja mkali, akahitaji mtu wa kushika pembe. Baba akamwambia yule fundi kijana, wewe una mikono, shika. Asukile akashika vizuri sana. Kisha bwana mifugo akatoa ile sindano yake ya ng'ombe, nene kuliko unavyodhani, na fundi wetu akaachia pembe, akakaa chini kwenye tope, macho yamemgeuka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kushinda siku nzima na mitambo inayorusha mafuta kwa nguvu za kutoboa bati, halafu akazimia kwa sindano ya ng'ombe.

Alipozinduka aliniambia, "Dada, usimwambie mtu." Niliwaambia wote. Mwaka uliofuata akanioa, na mpaka leo kwenye sherehe za ukoo wetu hiyo ndiyo hadithi inayoombwa kwanza, na yeye hukaa pale anatabasamu, amejaziwa sahani ya wali kwa sababu ugali wetu wa Kihehe bado anaula kwa heshima tu.

Maisha yetu ni mazuri. Nasema hivyo bila kujivuna. Tuna nyumba yenye mabati ya kijani, parachichi sita nyuma, na binti mmoja, Joyness, anayesoma ualimu Iringa. Asukile ni mtu wa kufurahia kazi yake mpaka anakuchosha. Aliwahi kutupeleka mimi na Joyness kwenye kiwanda kimoja cha nguzo za umeme alikokuwa akitengeneza pampu. Kule nguzo zinaingizwa ndani ya tangi refu, linafungwa, halafu dawa inasukumwa kwa presha mpaka iingie kwenye mti. Alichukua kipande kilichokatwa akatuonyesha. Kwa nje huoni palipoingilia dawa. Kwa ndani rangi imezama mbali sana kuelekea kwenye kiini. Joyness alikuwa na miaka tisa, akauliza kama mti unaumia. Asukile akafikiri kwa makini, akasema hajui, ila angekuwa yeye angelia.

Sasa nifike Julai ya mwaka jana.

Asiyeijua Mafinga ya Julai hajui baridi. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe na dizeli inakuwa nzito, malori hayawaki, na gereji ya Asukile inajaa tangu alfajiri. Siku hiyo, saa nne, alikuwa anapima nozeli ya lori la dereva mmoja wa magogo aitwaye Edmund. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Alikandamiza mpini kwa mkono wa kushoto, akapitisha wa kulia mbele ya nozeli, na kwa ile ganzi hakuona kwamba amekaribia mno. Alisikia kitu kama mbu, kwenye ncha ya kidole cha shahada. Akautazama mkono, akaona nukta. Hakukuwa hata na damu. Akaifuta kwa kitambaa na kumalizia nozeli nyingine tano.

Edmund ndiye aliyemleta zahanati saa sita. "Nesi, huyu mzee kajichoma na nozeli, anasema ni kitu kidogo," akaniambia. "Mi sijaipenda."

Ilikuwa siku ya chanjo. Kwenye benchi walikuwapo akina mama wasiopungua arobaini, watoto wanalia kwa zamu, na mimi miguu inawaka moto. Nilikishika kidole cha mume wangu nikakitazama chini ya dirisha. Nukta. Ndogo kuliko matundu ninayotoboa mimi siku nzima. Nikamwosha, nikampa sindano ya pepopunda, na hapo alifumba macho kama kawaida yake, mmoja wa akina mama akamcheka. Nikampa panadoli mbili.

"Nenda nyumbani ukalale," nikamwambia. "Jioni kitakuwa kimepoa."

Hakuondoka. Alisimama pale na kofia mkononi. "Mama Joyness, na dizeli je? Si inaweza kuwa imeingia?"

"Ingeingia ungelia," nikasema. "Mwite huyo mama anayefuata."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika kama nilivyoyasema. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba sindano ni kitu kidogo, kama kuumwa na siafu, itapita, usiogope, na nimesema mara nyingi mno mpaka nikaamini kwamba tundu dogo siku zote ni jambo dogo. Yeye akaitii kauli ya nesi, akaenda nyumbani.

Nilirudi saa kumi. Asukile alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, mkono ameuinua juu ya kichwa, uso umepauka. Kidole kilikuwa kimevimba, cheupe, kigumu, na nilipokigusa kilikuwa cha baridi ingawa amekaa mbele ya moto. Uvimbe ulikuwa umeshashuka mpaka kiganjani.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Una wagonjwa wengi," akasema.

Nilimkasirikia sana kwa jibu lile. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Kisha nikakibinya kidole taratibu karibu na ile nukta, na kikatoka kitone kimoja, chembamba, kina mafuta. Nikakinusa. Dizeli.

Kazi yangu ni hiyo jamani, nani angejua kuliko mimi? Dawa niichomayo haikai pale ncha ya sindano ilipoishia. Inatembea. Tunaichoma kwa sababu inatembea. Nikauona ule mti wa kiwandani, nje hauna alama na ndani umelowa. Dizeli ilikuwa imesukumwa ndani ya kidole cha mume wangu kwa presha kuliko sindano yoyote niliyowahi kushika, na kwa saa sita ilikuwa inatembea ndani ya nyama, na mimi nilikuwa nimempa panadoli.

Nikampigia Edmund. Lori lake lilikuwa limeshawaka, tena linaunguruma vizuri, kwa sababu nozeli zile zilitengenezwa kwa ustadi. Akaja nalo likiwa tupu, akatupakia mbele, tukaenda Iringa. Njia nzima Asukile aliushikilia mkono wake juu na hakusema neno ila mara moja, alipomwambia Edmund kwamba injini inachelewa kidogo kwenye mlima na ampitie Jumatatu aiangalie.

Hospitalini tulipokewa na daktari msichana, jina lake Devota, aliyekitazama kidole kwa muda mfupi tu kisha akamtuma mtu akaandae chumba cha upasuaji. Huku anaandika akauliza, "Iliingia saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi," nikajibu.

"Na nani alimwona kwanza?"

Nilifungua mdomo. Asukile alinitangulia. "Hakuna aliyeniona, daktari. Mke wangu alinisihi nije tangu mchana, mimi ni mbishi, nikakaa gereji."

Daktari alimgombeza kwa adabu. Akasema ungefika usiku wa manane kabla ya kupasuliwa tungekuwa tunazungumzia mkono mzima, na kwamba angekuja mchana ule huenda kidole kingepona chote. Nilisimama pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema. Asukile hakuniangalia hata kidogo, alikuwa anaangalia ukuta, kwa sababu mtu alikuwa anakuja na sindano.

Walimpasua kutoka ncha ya kidole hadi katikati ya kiganja, wakasafisha. Baada ya siku mbili wakarudia, wakakata kipande cha juu cha kidole, pingili moja na nusu. Mara ya tatu wakafunga. Mkono ukabaki. Tulikaa Iringa wiki tatu, na Joyness akawa anakuja na uji kila asubuhi. Asukile alichomwa sindano asubuhi na jioni siku zote hizo, na hakuzizoea. Kila siku alimshukuru aliyemchoma kwa Kinyakyusa chake, "Ndaga fijo," akiwa bado amefumba macho.

Tuliporudi Mafinga habari ilikuwa imetutangulia. Zahanati wenzangu walinipokea kwa vigelegele. Mke alimsihi mume, mume akakaidi, mke akamkokota mpaka Iringa akauokoa mkono. Waliomwona zahanati siku ile hawakuwa wamesikia nilichomwambia. Katekista wetu aliisema kanisani. Mganga wangu mkuu aliniambia ningeandikiwa barua ya pongezi. Na mimi niliipokea sifa hiyo, nikaila, nikashiba. Nikiwa peke yangu na Asukile nilijaribu mara mbili kuanzisha mazungumzo. Mara ya kwanza akasema yamekwisha hayo. Mara ya pili akaniomba nimfungie kifungo cha shati, kwa kuwa kwa kidole kile vifungo vilikuwa vinamshinda, na nilipomaliza kukifunga akaondoka.

Alianza kazi tena Oktoba. Akabadilisha namna ya kupima. Sasa anasimamisha kipande cha boksi mbele ya nozeli, anakandamiza mpini, halafu anakichukua kile kipande na kukitazama kilivyolowa. Doa likiwa la duara sawasawa, nozeli ni nzima. Likiwa na mkia, mbovu. Madereva walinung'unika mwanzoni, wakasema fundi kawa karani. Yeye akawaonyesha kidole na manung'uniko yakaisha. Wala hakuwa mnyonge. Alikuwa anayapenda yale maboksi, anayaanika ukutani, anakuita ukatazame doa zuri.

Mwezi wa pili mwaka huu akaamua kuwaita mafundi pampu wenzake waje gerejini Jumamosi asubuhi awaeleze yaliyompata. Walikuja kumi na wawili, wengine wametoka Makambako, karibu wote wamepita mikononi mwa mzee Sifaeli au kwa wanafunzi wake. Nilipika viazi na chai ya maziwa nikawapelekea. Nilifika na birika la pili wakati Asukile anaeleza.

Alieleza vizuri mambo ya dizeli, jinsi inavyoingia na jinsi inavyotembea. Walimsikiliza, lakini niliona kwenye nyuso zao kitu ninachokijua. Ndivyo wanavyonitazama wazazi ninapowaambia habari za ugonjwa ambao hawajauona. Kila mmoja anajiambia, hayo ni ya Asukile, siyo yangu.

"Kosa langu ni ubishi," akasema. "Mama Joyness alikishika hicho kidole saa sita, akajua palepale. Akanisihi. Mimi nikakataa. Ninyi msikatae."

Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Basi mi mke wangu akisema nitasikia," wakacheka. Nao wakawa wameshamaliza somo. Kila mmoja alikuwa anajiambia moyoni kwamba yeye siyo mbishi kiasi hicho, na kwamba jambo kubwa likimpata ataliona ni kubwa, kama nesi alivyoliona.

Niliweka birika chini.

"Sivyo ilivyokuwa," nikasema.

Asukile akageuka. "Mama Joyness, acha."

"Siachi. Aliletwa zahanati saa sita, wala hakukataa. Nilikitazama hicho kidole kwa macho yangu haya, nikaona nukta, nikampa panadoli nikamwambia akalale. Akaniuliza kama dizeli imeingia. Nikamwambia ingeingia angelia. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi ya sindano na sikujua. Kidole kile nimekikata mimi."

Sauti ilinitoka kali, kana kwamba nawagombeza wao. Nilikuwa naiona barua yangu ya pongezi inachanika. Nilikuwa naona pia kwamba Jumapili kanisa zima litajua, na kwamba kuna mama atakayemwondoa mtoto wake kwenye foleni yangu. Asukile alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemharibia zawadi aliyonipa.

Ndipo Isaka akasimama. Isaka ni fundi wa Makambako, jitu la miraba minne, mcheshi, ila asubuhi ile alikuwa kimya na mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Chai alikuwa amenywea mkono wa kushoto. Akautoa ule mkono.

"Nesi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Na hii je?"

Nikaushika. Kwenye ncha ya kidole cha kati palikuwa na nukta. Kidole kilikuwa kimeanza kujaa.

"Saa ngapi?"

"Saa moja, kabla sijaondoka nyumbani. Nilikuwa namalizia gari la mtu." Akakitazama kidole chake. "Nilikuwa nasikiliza hapa, najiambia, Asukile alikaa siku nzima, mimi ni asubuhi tu, haijafika huko. Nikaona aibu, mtu mzima kutoa nukta mbele za watu. Lakini kama hata wewe nesi hukuitambua…"

Saa yangu ilisema saa tatu na dakika kumi. Nilipogeuka kumtafuta Asukile hakuwapo. Nilisikia pikapu ya mmoja wa wageni inawaka nje, yeye ameshakaa kwenye usukani.

Safari hii nilipiga simu hospitali kabla hatujatoka Mafinga, na nikaeleza kila kitu kwa jina langu. Daktari Devota alitusubiri mlangoni. Njiani Isaka alimuuliza Asukile kama sindano za kule zinauma. Asukile akasema zinauma sana, na kwamba ampe mchomaji mkono, yeye aangalie ukutani.

Alipasuliwa kabla ya saa sita mchana. Kwa kuwa dizeli ilikuwa haijaenda mbali, walisafisha mara moja tu. Kanisani ilikuwa kama nilivyotabiri, na barua ya pongezi sikuiona, na mama mmoja kweli alihamia foleni ya mwenzangu kwa mwezi mzima kisha akarudi, akisema mwenzangu ana mkono mzito.

Isaka aliruhusiwa baada ya siku tisa, na alipopita Mafinga aliteremka kwetu. Asukile hakumsalimia kwanza. Aliuchukua ule mkono uliofungwa bendeji, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akavigusa vidole kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho. Vilikuwa vitano. Akabaki ameushika. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, machozi yanamtoka na hayafuti, akasema, "Mama Joyness, mgeni ana njaa huyu."

Nikaenda kupika wali.